Kongamano la masuala ya uzee: niombe kuzungumza, bango au jopo?

Neema_Hai
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari. Niko mwaka wa pili wa uzamili. Utafiti wangu ni mahojiano na watu wanaotunza wazee wenye demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu, wilayani Hai, Kilimanjaro. Nataka kutuma ikisiri, ule muhtasari mfupi wa utafiti, kwenye mkutano wa kila mwaka wa GSA, ile jumuiya ya jerontolojia (taaluma ya uzee) ya Marekani, unaofanyika Novemba. Mahojiano yamekamilika, uchambuzi umefika nusu. Msimamizi wangu ananishauri niombe kuzungumza, wenzangu wanasema bango ni la wanafunzi. Nyie mliopita huko, mnaonaje?

Mzee_wa_Takwimu
Marahaba mwanangu. Hilo la bango kuwa la wanafunzi lisikusumbue, hata maprofesa husimama kwenye mabango yao. Jiulize jambo moja: una tokeo unaloweza kulisema leo kwa sentensi moja? Kama unalo, omba kuzungumza. Kama bado, chukua bango. Jukwaani muda ni mfupi mno. Ukimaliza kueleza Hai iko wapi na familia zinaishije, mwenyekiti keshaanza kutazama saa. Kwenye bango mtu anasimama mbele yako, anakuuliza uliwapataje watunzaji, mnabadilishana anwani. Kwa uchambuzi ulio nusu, maswali ya namna hiyo yana faida kuliko makofi.

BintiPwani
Kwa heshima zote Mzee, hapo natofautiana nawe. Utafiti wa mahojiano hufifia bangoni. Maneno ya binti anayemwogesha mama yake asiyemtambua tena yanataka sauti na utulivu wa chumba, siyo herufi ndogo ukumbini watu wakipita na vikombe vya kahawa. Halafu kuna la pesa: baadhi ya wafadhili hutoa nauli kwa anayezungumza tu. Neema, uliza hilo kabla hujajaza fomu.

Mzee_wa_Takwimu
La nauli ni kweli kabisa, aanze nalo.

DktMlezi
Nimewahi kuhakiki ikisiri za mikutano ya namna hii, kwa hiyo niseme ya upande ule wa meza. Mnabishana mdomo au bango, na ikisiri yenyewe hamjaigusa. GSA wanatoa maneno 250 tu. Mwanafunzi anatumia 150 kueleza kuwa idadi ya wazee duniani inaongezeka, na mwishoni anaandika "matokeo yatajadiliwa". Mhakiki akifika hapo hana cha kupima, anashusha alama.

Neema, usuli wako ni sentensi mbili. Kuna utafiti uliochapishwa wa huko huko Hai uliokadiria demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi. Taja hilo, kisha sema nani anawatunza na nini hakijajulikana. Baada ya hapo eleza ulihoji akina nani, uliwapataje na ulichambua kwa njia gani. Maneno yote yanayobaki yape matokeo, hata kama ni ya awali. Usiandike "watunzaji walieleza changamoto mbalimbali". Andika changamoto yenyewe: kama wanasema wameacha shamba ili wasimwache mzee peke yake, liandike hivyo hivyo. Sentensi moja kama hiyo inamfanya mhakiki atake kukusikia.

Na kwa wanaojali CV: ikisiri zilizokubaliwa huchapishwa katika nyongeza ya jarida la Innovation in Aging, uwe umezungumza au umebandika.

Neema_Hai
Asante sana Daktari. Hilo la shamba limo kweli, tena kwa watu wengi. Na jopo je?

Mzee_wa_Takwimu
Jopo ni zuri ila halijengwi na mtu mmoja. Linataka mwenyekiti, mawasilisho kadhaa yanayoshikana, na kwa kawaida mchambuzi wa kuyafunga. Ningefurahi kuliona la kwetu: wewe na Hai, mtu wa pensheni jamii ya Zanzibar iliyoanza 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, mwingine wa Inua Jamii, mpango wa Kenya wa kuwapa wazee fedha. Lakini mwandaaji aanze kuwatafuta watu mapema sana, na mmoja akichelewesha ikisiri yake anawakwamisha wote. Mwambie msimamizi wako aliandae kwa mwaka unaofuata.

Neema_Hai
Nimeuliza chuoni, nauli inatolewa kwa vyote viwili. Naomba bango safari hii. BintiPwani, maneno ya watunzaji nitayaweka kwa herufi kubwa katikati, nukuu tatu tu.

BintiPwani
Hapo sawa mdogo wangu. Lichapishe kwenye kitambaa, siyo karatasi. Unalikunja ndani ya begi la mkononi, hubebi lile bomba refu uwanja hadi uwanja. Ila soma kwanza vipimo vyao; ubao wa huko unaweza kuwa wa kulala, nawe umechapisha A0, ile saizi kubwa ya bango, ya kusimama. Na viza omba siku ile ile barua ya kukubaliwa inapofika, foleni ya miadi ya usaili huwa ndefu.

DktMlezi
Ikisiri ikiwa tayari nitumie faraghani niipitie kabla hujabonyeza kutuma.