NYUMBA YA BIBI, WETE: tuisheni ya hesabu

Alkhamisi

Shangazi Zuhura 20:41
Assalaam alaykum. Seif kanipa majibu ya jaribio la hesabu. Watoto 11, waliovuka nusu ni 4 tu. Na mtihani wa Kidato cha Pili huo unakuja. Seif, waeleze mwenyewe.

Seif 20:52
Waalaykum salaam. Tabu kubwa ni sehemu. Nusu jumlisha robo, sita wameandika 2/6. Wanajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Nikachukua kibaba cha Bibi na mchele. Pishi ni vibaba 4. Nusu pishi vibaba 2, robo kibaba 1, jumla? Wote: "Vitatu!" Basi ndiyo 3/4. Nikauliza, hiyo 2/6 yenu si chache kuliko nusu mliyoanza nayo? Kimya. Kuhisabu wanajua, wanapotea karatasini.

Ami Hamad 20:55
Mchele umerudi jikoni au ushakuwa pilau? 😂

Mama Rayyan 20:56
Pilau bila sisi!

Mjomba Ali 20:58
Mie nadai ukoko 😂😂

Shangazi Zuhura 20:59
Jamani nisikilizeni. Seif Jumatatu anarudi Unguja. Jumamosi na Jumapili ndizo zilizobaki, na watoto mnawapeleka karafuu. Kila mzazi aseme hapa hapa, mwanawe anakuja au haji.

Shangazi Zuhura 21:30
Naona mmesoma.

Baba Salim 21:44
Dada, karafuu haingoji. Ikishachanua mtini hasara. Na michango yako tunaijua. Ubao tuliuchangia, uko wapi?

Shangazi Zuhura 21:45
Ubao uliuacha nani mvuani? Usinianze.

Baba Salim 21:46
Mie??

Mama Rayyan 21:50
Ya ubao yaacheni. Wangu atakuja Jumapili.

Bibi 22:03
Mie Bibi yenu, Rayyan ananiandikia. Babu yenu kachuma karafuu tangu kijana. Kapeleka kituoni kuuza miaka na miaka, mizani hajui kuisoma. Akiambiwa kilo kadhaa anaitikia. Akirudi ananiuliza mie, zilikuwa sawa? Na mie sijui. Kafa hajui. Salim aende kwa Seif Jumamosi. Kitakachopungua shamba, kateni kwenye fungu langu.

Baba Salim 22:47
Sawa mama. Fungu lako hatuligusi. Atakuja asubuhi, lakini jioni namtaka kwenye kuchambua karafuu, kutoa makonyo.

Shangazi Zuhura 22:48
Asubuhi ni saa 2, si saa 4. Na wengine? Ami Hamad, wako wawili.

Ijumaa

Mjomba Ali 06:12
Ndiyo nasoma sasa. Jumamosi ipi?

Seif 06:30
Kesho, Mjomba. Kila mtoto aje na kibaba, kama hana hata kopo.

Shangazi Zuhura 07:05
Ami Hamad?

Shangazi Zuhura 11:20
Ami Hamad, nakusubiri.