Naomba ushauri wa njia: Tukuyu, Matema na Kitulo kwa baiskeli

Mwendo_Pole
Habari za saa hizi wakuu. Mimi na mdogo wangu wa kike tuko Ifakara. Huku kwetu baiskeli ndiyo miguu, lakini ni tambarare mwanzo mwisho, mlima tunauona kwa mbali tu. Sasa tunataka kuzunguka Nyanda za Juu Kusini kwa baiskeli za gia, mizigo kwenye keria, na hema dogo. Tutapanda treni ya TAZARA hadi Mbeya.

Mpango wetu: kutoka Uyole, pale Mbeya, tupande Kitulo kwanza, tushuke Matamba hadi Chimala, turudi Uyole kwa barabara kuu, halafu Tukuyu na kumalizia Matema, Ziwa Nyasa. Mdogo wangu anafundisha baiolojia na moyo wake wote uko kwenye maua ya Kitulo. Mimi nawaza matope na breki. Wenyeji, je, mpango huu unakaa? Na twende mwezi gani?

BintiRungwe
Karibuni sana nyumbani. Kaka, niseme wazi: kipande cha Chimala hadi Uyole kiondoe. Hiyo ndiyo barabara ya Zambia, malori ya Tunduma yanapita usiku na mchana, na mteremko wa Inyala umeshachukua watu wengi. Lori likikosa breki pale, mwendesha baiskeli hana pa kukimbilia. Sisi wenyewe tukiwa ndani ya basi tunanyamaza tukifika hapo.

Upande wa Tukuyu ni habari nyingine. Malori yapo, maana barabara inakwenda mpakani Kasumulu, ila si kama kule. Kutoka Uyole mtapanda sana, msione aibu kukokota. Mkifika Isongole mtakuta viazi vimepangwa kwenye ndoo barabarani na baridi la kuvaa sweta mchana. Kuna njia ya kwenda Ziwa Ngosi upande huo; baiskeli mnaacha kijijini, mnapanda msituni kwa miguu na mwongoza njia hadi ukingoni, ziwa mnalitazamia chini kabisa kwenye kreta. Mkiteremka mnafika Kiwira, mnachepuka kwenda Daraja la Mungu, mwamba wa volkano uliojijenga juu ya mto.

Baada ya Tukuyu watu wengi hufuata lami hadi Kyela. Msifuate. Chukueni njia ya zamani ya Masoko hadi Ipinda. Ni vumbi na mawe, lakini huo ndio Unyakyusa wenyewe: migomba pande zote mbili, nyumba zimefagiliwa hadi ukingo wa barabara, ng'ombe wamefungwa chini ya miti. Pale Masoko kuna ziwa la kreta liko karibu kabisa na barabara, na jengo la boma la Wajerumani. Kaeni hapo hata saa nzima. Mkishuka Ipinda joto linabadilika ghafla, mnaanza kuona mashamba ya mpunga na kokoa.

Fundi_Spoki
Umetaja breki, na hapo ndipo safari yako ilipo. Mtu wa tambarare hushika breki kidogo kidogo muda wote wa mteremko. Kwa baiskeli ya breki za raba, rimu inapata moto, moto unaingia kwenye tyubu, na gundi ya kiraka cha zamani inaachia. Utasikia mlio kama wa risasi na gurudumu la mbele limelala. Ukiwa na kilo 15 nyuma, huwezi kuizuia.

Kwa hiyo: kwenye gurudumu la mbele weka tyubu mpya isiyo na kiraka. Achia baiskeli ishuke mahali panaponyooka, kisha shika kwa nguvu kabla ya kona, mbele na nyuma pamoja, halafu achia tena. Kila baada ya muda simama, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Ukihisi joto la jiko, kaa chini unywe maji. Kama ni breki za diski, angalieni unene wa pedi kabla ya kutoka Ifakara.

Vipuri: mafundi wapo kila senta, na ni wazuri, ila wana vitu vya baiskeli za Phoenix. Tairi na tyubu za saizi yako, na hasa zile zenye vali nyembamba, hutazikuta Masoko wala Matamba. Bebeni tyubu za kutosha, raba za breki, waya wa breki na wa gia, spoki chache za urefu wenu, kiungio cha cheni, solusheni na pampu. Spoki zifungeni kwa selotepu kwenye fremu.

MtotoWaMakete
Salamu kwa dada mwalimu. Kitulo ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kwa sababu ya mimea, si wanyama. Huku tunaiita Bustani ya Mungu. Uwanda uko mita 2,600 hivi juu ya bahari, ni majani matupu hadi macho yanachoka, na okidi za ardhini aina zaidi ya 40. Inama tu. Nyingine ni ndogo kuliko ukucha, unaweza kuikanyaga hujaiona.

Tatizo ni kwamba maua yanafuata mvua. Yanaanza kuchanganya Novemba mwishoni, yanaendelea hadi Aprili. Ukija Julai njia ni kavu na anga safi, lakini uwanda umekauka, na alfajiri kuna barafu juu ya majani, hema lenu litakuwa gumu kama bati. Machi na Aprili msijaribu, udongo wetu ukilowa unajaza foka (uma unaoshika gurudumu) mpaka gurudumu haligeuki. Mimi ningekuja mwanzoni mwa Desemba. Mvua ipo, lakini mara nyingi asubuhi mnapata mwanga. Safirini asubuhi, saa nane muwe mmeshajua pa kulala.

Kupanda tumieni njia ya Isyonje, kwenye barabara ya Uyole hadi Tukuyu, kupita Kikondo. Mkifika juu pumzi itakuwa fupi, hasa ninyi wa bondeni. Siku ya kwanza msilazimishe. Ofisi za hifadhi ziko Matamba, malipo ni kwa namba ya kumbukumbu (control number), kwa hiyo piteni ulizieni mapema kuhusu kulala na njia ipi baiskeli inaruhusiwa.

Konda_wa_Chimala
Naungana na waliotangulia, ila nisikilizeni kidogo kuhusu kushuka Matamba. Ile barabara ina kona 57, na wenyeji wanaiita hivyo hivyo, hamsini na saba. Mandhari yake hayana mfano, unaona bonde la Usangu lote limetandazwa chini. Lakini gari linalopanda linachukua barabara nzima kwenye kona, na kokoto zimejaa pembeni. Shukeni asubuhi, na kona kali zote shukeni kwenye baiskeli mtembee.

BintiRungwe
Mimi bado nasema warudi Isyonje walikopandia. Wageni wa milima, mizigo, mvua ya Desemba, na kona 57? Hapana jamani.

Konda_wa_Chimala
Dada, kurudi nyuma nako kuna mteremko mrefu na matope ya Kikondo. Wakitembea kwenye kona, Chimala inawafaa zaidi, kwa sababu pale ndipo mabasi ya kwenda Iringa na Mikumi yanapita. Wao ni wa Ifakara. Kwa nini warudi Uyole?

Mzee_Katumba
Wanangu, hapo kijana amenena. Geuzeni mpango. Anzeni Tukuyu na Matema, miguu izoee. Matema pumzikeni vizuri. Kama ni Jumamosi nendeni mnada wa vyungu Lyulilo, Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, wanavileta kwa mitumbwi. Laleni kwenye chandarua, Kyela ina malaria. Mkirudi, msipande ule mlima kwa baiskeli, pandeni gari hadi Isyonje, ndipo muingie Kitulo na kumalizia Chimala. Na popote mtakapopiga hema, anzeni kwa mwenyekiti wa kijiji. Akiwajua, kijiji kizima kinawalinda.

Mwendo_Pole
Shikamoo mzee, na ahsanteni wote. Ndaga fijo. Tumeamua: Desemba mwanzoni, Uyole, Tukuyu, Masoko, Matema, gari hadi Isyonje, Kitulo, Matamba, na basi kutoka Chimala. Mdogo wangu ameshaanza kuchora ramani ukutani. Swali la mwisho: mabasi yanakubali baiskeli?

Konda_wa_Chimala
Yanakubali kama buti lina nafasi. Matunda ya Desemba yanajaza buti, kwa hiyo wahini asubuhi. Ng'oeni gurudumu la mbele na pedeli, geuzeni usukani ulale sambamba na fremu, funikeni cheni kwa gunia isichafue mizigo ya watu. Bei patana na konda kabla baiskeli haijaingia, siyo baada. Na simama hapo hapo uone inavyolazwa: upande wenye gia uwe juu.

Mzee_Katumba
Marahaba. Mkifika Tukuyu ulizeni maharage ya Katumba na ndizi za kupika. Kuleni kabla ya kuanza njia ya Masoko, mbele chakula ni cha kubahatisha.