Mnaosafiri na mbwa au paka kwa gari la kulala: tupeane uzoefu

Hiace ya Sakina (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Hiace yangu imetoka kwa fundi Unga Limited, hapa Arusha, wiki hii. Viti vya nyuma vimeondoka, kimeingia kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Nataka kwenda Mwanza na familia, na mbwa wetu haachwi, maana tukimwachia jirani anagoma kula. Njiani nina marafiki wa chuo nataka niwapitie, sijawaona muda mrefu. Nilikuwa nawaza kukatiza Ngorongoro na Serengeti. Wenye uzoefu mwageni hapa, wa mbwa, wa paka, hata mwenye kasuku.

Dereva Mstaafu
Serengeti futa kabisa, mkuu. Mnyama wa kufugwa haingii hifadhi ya taifa, hata umfungie kwenye kizimba na upandishe vioo. Nimeendesha watalii miaka mingi, nimeshuhudia watu wakigeuzwa getini na mbwa wao. Na usidhani ni ukorofi wa askari. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa huu huu, uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua kama theluthi yao, karibu simba 1,000. Utasema wako amechanjwa. Mwenzako pale getini atajuaje?
Pita Minjingu, Babati, Katesh, Singida, Nzega, Shinyanga. Ndefu, lakini lami.

Mama Nyau, Moshi
Paka hana makuu. Kizimba, shuka lenye harufu ya nyumbani, trei ya mchanga chini ya kitanda. Asile asubuhi ya safari, la sivyo atatapika kabla hamjafika Boma Ng'ombe. Na asitoke garini bila kamba, akiingia shambani kwa watu ndiyo basi tena.

Desemba Marangu
Mimi ni wale wa kupanda mlimani kila Krismasi kutoka Dar. Mabasi yalinikatalia mbwa, ndipo nikaamua kununua Noah kuukuu na kuweka godoro.
Adui wa njia hii ni joto. Kuanzia Mombo, Mkomazi, Hedaru mpaka Same mchana hapafai. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema, na ukimwacha kwenye gari lililofungwa juani, nusu saa tu inatosha kumuua hata kioo kikiwa kimeshushwa kidogo. Kwa hiyo natoka Dar jioni, nikichoka nalala sheli. Wengine wanaogopa kulala sheli. Mimi napenda, kwa sababu pale kuna mlinzi, kuna taa, kuna maji, na mlinzi anayekesha peke yake anafurahi kupata wa kupiga naye stori.
Kuna mmoja upande wa Same, mara ya kwanza aliniambia niondoke na huyo mbwa wangu. Nikamwomba tu maji ya kumnywesha. Akaleta ndoo, akachuchumaa, akaanza kuniuliza anakula nini, ana umri gani. Kumbe kwao alikuwa na mbwa wa kuchungia mbuzi, fisi akamla. Tulikesha. Sasa hivi kabla sijaondoka Dar nampigia simu, naye ananiuliza habari za mbwa kwanza, za mke wangu baadaye. Nikipita namwachia chochote, nikishuka Januari namletea ndizi za Marangu. Huyo ni ndugu kabisa, na tumejuana kwa sababu ya ndoo ya maji.

Bint Kondoa
Kwa hao marafiki wa chuo, mkuu, piga simu kabla, na useme wazi kwamba unakuja na mbwa. Sisi Waislamu mate ya mbwa ni najisi, mwenyeji asishtukizwe akiwa na sehemu yake ya kuswalia pale barazani. Kaka mmoja wa Arusha alifikia kwetu na lijibwa kubwa. Akalifunga nje ya ua, akatoa bakuli lake mwenyewe na maji yake, hakugusa chombo cha mama hata kimoja. Mpaka leo mama anamsifia, na huwa hasifii wageni ovyo. Paka mleteni tu, atalala ndani.

Dokta wa Tengeru
Naongeza la kitaalamu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hupigwa kuanzia miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Kadi ikae kwenye gari. Kupe mkague kila jioni, masikioni na katikati ya vidole. Na ukipita pembeni ya Tarangire kuna mbung'o, nao huleta nagana, yaani malale ya wanyama, kwa mbwa pia. Akirudi na homa na jicho limeingia ukungu, usisubiri. Gari ukilifunika kwa turubai la bluu au jeusi unawaita hao mbung'o mwenyewe, wanapenda rangi hizo.

Chalii wa Kijenge
Vipi Namanga, dokta, nikitaka kumtembeza Nairobi?

Dokta wa Tengeru
Kadi ya chanjo, cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali, na kibali cha kuingiza mnyama kutoka idara ya mifugo ya Kenya. Hicho cha mwisho unakiomba kabla hujaondoka, si pale mpakani.

Mkulima wa Katesh
Mleta mada, Katesh unanipita hivi hivi? Nina uwanja chini ya Mlima Hanang, gari linaingia, maji yapo. Usiku baridi kali, beba blanketi la mbwa.

Hiace ya Sakina
Nashukuru wakuu, Singida ndiyo njia basi. Mkulima, ua una geti? Huyu wangu anakimbiza chochote chenye mabawa.

Mkulima wa Katesh
Geti lipo. Ila na mabata yapo, na dume lao halijawahi kukimbia mbwa. Mfunge kwa usalama wake.