Naomba ushauri: niwe mwaminifu kwa nini ikiwa hakuna atakayejua?

MuuzaSpea
Habari wadau. Nauza spea za magari katika duka moja hapa Kirinyaga Road, Nairobi. Juzi mdosi, yaani bosi wangu, ameleta pedi za breki za bei ya chini kabisa, hazina jina, pamoja na maboksi mapya yaliyochapishwa jina la kampuni kubwa. Anataka nizipange humo na kuziuza kwa bei ya zile halisi, na ameniahidi fungu langu. Nimekuwa nikimkwepa, lakini ameanza kuniangalia vibaya.

Tafadhali msinijibu kwa moto wa jehanamu. Mwenzangu wa kaunta ni mzee wa kanisa na anaziuza bila kusita. Wala msiniambie njia ya mwongo ni fupi, kwa sababu mdosi yuko kwenye biashara hii tangu nikiwa shule ya msingi na anazidi kustawi. Nilipolalamika aliniuliza, "Mteja hajui, gari linasimama, wewe unalipa kodi ya nyumba. Nani ameumia?" Nilikosa jibu. Moyoni najua si sawa, ila nataka sababu ambayo hata mtu asiyeamini chochote angeikubali.

Fundi_BabaDogo
Gari linasimama likiwa mjini kwenye foleni, kweli. Mpe huyo mteja abiria kumi na wanne ateremke nao ule mteremko mkali wa Mai Mahiu. Breki ikipata moto, pedi feki inakuwa laini juu kama kioo na haishiki tena. Nimewahi kufungua gurudumu nikakuta ile sehemu ya kusuguana imebanduka yote kwenye bati lake, chuma kinakula diski. Dereva alikuwa na risiti na boksi, na alidhani amenunua orijino. Mimi ndiye niliyelaumiwa.

Mwalimu_Kayole
Kijana wangu, swali lako ni la zamani sana, na wapo wanafalsafa waliolijibu bila kutaja mbingu. Pragmatizimu ilianzia Marekani karne ya 19 kwa Charles Sanders Peirce na William James, kisha John Dewey akaipeleka kwenye maadili. Wanataka wazo lipimwe kwa matokeo yake katika maisha.

Mwaka 1922 Dewey aliandika kwamba kuuliza kwa nini tujali lililo sawa ni kama kuuliza kwa nini usitie mkono motoni. Ukitia, utaungua, basi. Kwake, haki ni jina tunaloyapa madai ya watu wengine juu yetu, na hatuwezi kuyakimbia kwa kuwa tunaishi kati yao. Yule dereva wa Fundi ana dai juu ya duka lenu hata kama hajui lilipo.

Na hilo la "hakuna atakayejua", James aliligusa mwaka 1890 alipoandika juu ya mazoea. Anamtaja mlevi anayejiambia kila mara kwamba glasi hii haihesabiwi. Huenda yeye asiihesabu, na Mungu mwenye huruma asiihesabu, lakini neva zake zinaihesabu. Ukipanga boksi la kwanza mikono itatetemeka. Baada ya muda utazipanga huku unapiga stori, na mtu atakayerudi nyumbani kwa mkeo na watoto ni huyo wa baada ya muda. Kwa hiyo yupo mmoja anayejua, na anabadilika.

Mkweli254
Samahani Mwalimu, si hao ndio wanaosema kinachofanya kazi ndicho kweli? Pedi zinauzwa, kodi inalipwa. Basi mdosi wake ndiye mpragmatisti hasa.

Mwalimu_Kayole
Lawama hiyo ilimwandama James hadi mwisho wa maisha yake, na kwa sehemu aliitafuta, maana alipenda kuzungumzia thamani ya wazo kama fedha taslimu. Lakini tazama mdosi alivyopiga hesabu. Ameuliza swali zuri sana, "nani ameumia?", kisha akaacha kulichunguza lilipoanza kumgharimu. Amehesabu droo yake, akaishia jioni ya leo. Peirce alisisitiza kwamba uchunguzi ni kazi ya jamii nzima inayosahihishana. Sasa mpango huu unaweza kuwekwa mbele ya wanunuzi waupime? Hauwezi. Unafanya kazi tu ikiwa wale wanaobeba hatari hawaruhusiwi kuijua. Na lile boksi lina thamani kwa sababu kuna watu wengine wanaoweka ndani kilichoandikwa nje. Anakula akiba ya uaminifu ambayo hakuiweka yeye.

Mkweli254
Nimekuelewa hapo. Lakini mtu asiyejali kabisa abiria wa Mai Mahiu, utamwambia nini?

Mwalimu_Kayole
Sina hoja ya kumlazimisha, na sijui falsafa yoyote inayoweza. Huyo tunajikinga naye. Lakini MuuzaSpea anajali, ndiyo maana ameandika hapa.

MamaWairimu
Kinga ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na kuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008. Polisi wakija, mwanangu, watamkuta nani amesimama kaunta? Anza kutafuta kazi kimyakimya kabla hujagombana naye. Umesema kodi inakubana, usiache kazi kwa hasira.

MuuzaSpea
Asanteni sana. Kesho nitamwambia mdosi tuziuze bila boksi, kwa bei yake, na mteja aambiwe ni pedi za aina gani. Wapo wenye magari ya kuzunguka mtaani tu ambao watazichukua wakijua. Akikataa, sizigusi, na natafuta pengine kama Mama alivyosema.

Fundi_BabaDogo
Hata kwa gari la mtaani mimi sizifungi, lakini angalau hapo mtu amechagua. Sasa ndugu, zile ambazo mwenzako ameshauza? Wengi wanalipa kwa simu, namba zao mnazo.

MuuzaSpea
Ninazo. Wawili ni madereva wa matatu za Nakuru. Hao nawapigia usiku huu.