Mjadala: Je, kumbukumbu za familia zitoshe kuandikia jina la mpagazi kwenye mnara wa vita?

Mwenzetu aliyefungua mjadala huu anashikilia kwamba jina la mpagazi aliyefia katika vita vya 1914 hadi 1918 hapa Afrika Mashariki lisiandikwe kwenye mnara wowote mpaka lionekane katika nyaraka za jeshi, kwa kuwa simulizi za ukoo hutiwa chumvi kadiri zinavyopokezanwa. Nauheshimu uangalifu wake, lakini nadhani anaidai familia ushahidi ambao jeshi lenyewe halikutaka kuutunza.

Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile, kwa sababu mbung'o waliwamaliza wanyama wa mizigo na barabara zilikuwa chache. Waliokufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na utapiamlo, wanakadiriwa kuwa si chini ya 95,000. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, ilijengwa juu ya msingi kwamba wafu wote wangekumbukwa kwa usawa bila kujali cheo, rangi wala dini. Hata hivyo, ripoti iliyotolewa na tume hiyo hiyo Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Minara ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam inawasifu wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini haitaji jina la hata mmoja wao. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, mitaa iliyopata majina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps, imewatunza kuliko daftari lolote.

Sisi ni watu wa Taita. Baba yake babu yangu alichukuliwa mwishoni mwa 1916 pamoja na mdogo wake, akarudi peke yake. Bibi, aliyeolewa katika nyumba ile na kumpikia mzee huyo kwa miaka mingi, alitusimulia kwamba kila alipoandaliwa ugali aliubonyeza kwanza kwa kidole gumba pembeni mwa sahani, na ukimnata aliurudisha jikoni bila kusema neno, kwa sababu mdogo wake aliharishwa na unga mbichi wa mahindi wakati wa masika, akafa, naye akamzika ng'ambo ya mto Rufiji. Bibi hakujua jina la jenerali yeyote wala tarehe yoyote. Alijua mto, majira na ugonjwa. Yote matatu yanaafikiana na yale ambayo wanahistoria wameandika kuhusu mafuriko ya Rufiji mwaka 1917 na kuhusu unga usioiva uliowaua wapagazi.

Mtu anayetunga hadithi ya kuutukuza ukoo wake hutunga ushujaa; sijaona anayetunga kifo cha kuhara. Tena jina la marehemu yule limepewa mtoto mmoja wa kiume katika kila kizazi chetu, na anayeitwa kwalo leo yuko darasa la nne.

Nakubali kwamba kumbukumbu nyingine hupotoka. Katika vita vya pili, kwa mfano, karibu kila aliyevaa sare ya Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) husemwa na wajukuu kwamba alipigana Burma, ilhali wengi walikuwa madereva, wapishi au walinzi mahali pengine. Dawa yake ni kuzipima, si kuzitupa. Matawi mawili ya ukoo yaulizwe kila moja peke yake, majibu yalinganishwe na njia ambazo vikosi vilipita, kisha jina liandikwe katika rejista likiwa na alama ya kuonyesha kwamba limetokana na ushahidi wa familia.

Mnara wa Waafrika Kusini weusi waliokufa wakilitumikia jeshi katika vita vile vya kwanza, uliozinduliwa Cape Town Januari 2025, una majina zaidi ya 1,700 yaliyopatikana katika nyaraka. Ni kazi njema sana, ila pale nyaraka zilikuwepo. Kwetu, waliowasikia wapagazi kwa masikio yao wenyewe wamebaki wachache, nao ni wazee wa miaka themanini na zaidi. Naomba hao waanze kuulizwa sasa, na makabati ya nyaraka yafuate baadaye.