Kozi ya haraka ya urubani hapa Dodoma: saa 18 macho kwa dakika 50 za kuruka, na ukisema umechoka unatozwa

Wakuu, salaam. Humu huwa nasoma kuliko kuandika, lakini juzi nimepewa barua kwamba nimeondolewa kwenye kozi kwa kukosa nidhamu ya ratiba, na nimeshindwa kunyamaza. Chuo sikitaji jina, naomba na nyie msikitaje kwenye majibu ili uzi usifutwe. Nataka mtu anayetaka kulipa ada ya aina hii asome kwanza.

Nililipia kozi ya wiki nane ya leseni ya rubani binafsi, siku sita kwa wiki, kuanzia mwanzoni mwa Septemba. Makao makuu ya chuo yako mkoa mwingine. Walileta ndege mbili za viti vinne uwanja wa Dodoma wakisema anga ya huku haina msongamano. Kwangu mimi niliyekulia Hombolo ilikuwa kama kuletewa neema mlangoni. Baba aliuza ekari mbili za zabibu. Anayejua zabibu anaelewa: siyo mahindi kwamba mwaka kesho unalima tena, mzabibu unaulea miaka ndipo uanze kukulipa.

Ratiba yenyewe ilikuwa hivi. Kuamka saa 10 na nusu alfajiri. Bajaji kutoka hosteli, saa 12 kamili tuko uwanjani kwa taarifa ya hali ya hewa. Zamu ya kwanza inapaa jua likichomoza. Halafu wengine wote tunakaa. Tunakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, hakuna kuondoka, maana zamu inaweza kubadilika wakati wowote na jina lako likiitwa haupo unaandikiwa umekosa. Saa 12 jioni nadharia inaanza mpaka saa 3 na nusu usiku: sheria za anga, hali ya hewa, navigesheni, mawasiliano ya redio. Baada ya hapo unarudi kuchora njia ya kesho na kupiga hesabu za upepo na mafuta. Kulala ni saa 5 kama una bahati. Wengi tulikuwa tunalala saa 6 na kuendelea.

Sasa nisikilizeni kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo wanapotudanganya. Kiwango cha chini cha kimataifa kwa leseni hii ni saa 40 za kuruka, 10 kati ya hizo ukiwa peke yako. Wiki nane za siku sita ni siku 48. Saa 40 ukizigawa kwa siku 48 unapata dakika 50 kwa siku. Dakika hamsini! Kozi ya haraka haihitaji mtu akeshe. Dakika 50 angani, nusu saa ya maandalizi, nusu saa ya kuchambua ulichokosea, saa mbili tatu za kitabu, unalala kama binadamu na wiki nane zinatosha kabisa. Kwa hiyo uharaka wa kozi siugombi, nauelewa na niliulipia.

Kilichotufanya tukeshe ni kwamba tulikuwa wanafunzi 12 kwenye ndege moja. Ile ya pili ilikaa pembeni tangu wiki ya kwanza ikisubiri altaneta, kifaa cha kuzalisha umeme wa ndege. Watu 12 mara dakika 50 ni saa 10 za kuruka kila siku, wakati mwanga wa mchana Dodoma ni kama saa 12 tu. Bado hujaweka mafuta, hujakagua ndege, hujabadilisha mwanafunzi. Na ndege ya mafunzo ina ukaguzi wa lazima kila inapofikisha saa 100, kwa mwendo huo unafika kila baada ya siku 10. Aliyeandika ratiba ile alijua haiwezekani siku anaiandika. Mtoto wa darasa la saba angeligundua.

Hilo la anga isiyo na msongamano nalo. Hapa ni makao makuu ya nchi. Ndege za abiria zinakuja, za viongozi zinakuja, na zikija mwanafunzi anasubiri, ni haki. Siku moja nimekaa dakika 14 kabla ya kuingia njia ya kurukia, injini inaunguruma, nasubiri ndege ya abiria itue. Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa sahihi. Lakini tunatozwa kwa mita inayohesabu tangu injini inapowaka, na zile dakika 14 ziliandikwa kwenye ankara yangu kama mafunzo.

Zamu za mchana ndizo zilizoniumiza zaidi. Uwanja wa Dodoma uko kama futi 3,670 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inafanya kazi kama iko zaidi ya futi 6,000. Injini inapungua nguvu, propela haishiki vizuri, unapaa kwa kujivuta. Ongeza upepo wa Septemba na Oktoba ambao kila mtu wa Dodoma anaujua, na vile visulisuli vya vumbi vinavyosimama porini. Rubani mwenye uzoefu anaweza kufundishwa mengi kwenye hewa hiyo. Mtu mwenye saa tisa kwenye logibuku (daftari la saa zako za kuruka) anayejifunza kutua hafundishwi kitu, anapigwa tu. Wanafunzi wapya wanatakiwa kuruka asubuhi hewa ikiwa imetulia, hata fundi wa pale uwanjani alituambia hivyo. Lakini zamu zilipangwa kwa mzunguko wa majina, hakuna aliyeangalia nani yuko hatua gani.

Niwape siku moja. Jumatano ya wiki ya nne, niliingia ndegeni saa 8 mchana, nikiwa macho tangu saa 10 na nusu alfajiri. Tunafanya sakiti, yaani kupaa, kuzunguka uwanja na kutua tena. Kiti kinaunguza mapaja. Kwenye sakiti ya tatu nakaribia lami, naona kama inanijia haraka, nikavuta usukani mapema mno. Ndege ikainuka, ikakosa mwendo, ikadondoka kwenye lami kwa kishindo na kuruka tena juu. Mwalimu alikamata usukani akasukuma moto, tukaondoka. Hakusema neno. Nilimtazama usoni, macho mekundu, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa sita siku hiyo. Marekani sheria inamkataza mwalimu kufundisha angani zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Wetu nilimhurumia kweli, naye alikuwa kwenye mtego uleule.

Tuliposhuka nikamuuliza, "Kapteni, nilikosea wapi?" Akasema tutaongea jioni, mwenzako anasubiri. Jioni ikaja nadharia. Kesho yake nikarudia kosa lilelile, na keshokutwa. Mpaka leo sijawahi kukaa na mtu anieleze ile siku nilikuwa natazama wapi nilipovuta usukani. Kuna rafiki yangu alinieleza baadaye kwa simu, dakika tano tu, kwamba macho yapelekwe mwisho wa lami badala ya kuyabandika mbele ya pua. Dakika tano za maneno. Mimi nilichoma sakiti zisizopungua ishirini kwa pesa ya baba yangu.

Halafu hili sasa. Kwenye somo la uwezo wa binadamu walitufundisha rubani ajipime kabla ya kuruka: ugonjwa, dawa, msongo, pombe, uchovu, hisia. Walisisitiza kwamba kwenye uchovu rubani asijidanganye, aseme. Wiki ya sita nilikuwa na zamu ya kwenda peke yangu upande wa kusini, kupita Mtera, njia ya Iringa, kama maili 90 za anga kwenda. Nilikuwa nimelala kwa saa tatu tu. Nimekaa juu ya ramani nasoma nyuzi za dira mara mbili, kila mara napata jibu tofauti. Nikaenda nikasema, "Kapteni, leo siko sawa, nimechoka, naomba nisiruke."

Msimamizi akajibu yeye, mbele ya wenzangu: "Ukipata kazi abiria watakusubiri ulale?"

Ndiyo, watasubiri! Marubani wa mashirika wana kikomo cha saa za kazi na mapumziko ya lazima kisheria, na mtu aliyechoka hapandishwi. Nimefundishwa hayo na hao hao. Nikaandikiwa "hakujiandaa", nikatozwa saa mbili ambazo ndege haikuruka nami. Ndilo kosa la kwanza kwenye barua yangu. La pili na la tatu ni hivyo hivyo.

Leo logibuku yangu ina saa 27, nyingine hazieleweki zilikwenda wapi. Pesa imeisha yote. Baba amesoma barua, akaikunja, akaniuliza, "Mwanangu, si ulisema wiki nane?" Sikuwa na jibu.

Naomba msaada wenu. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya chuo TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), walitaka vielelezo gani? Mimi nina picha za ratiba zote, ankara, na ujumbe wa kundi la WhatsApp unaotupanga zamu saa 5 usiku. Na mwanasheria yeyote humu, mkataba unasema ada hairudishwi kwa hali yoyote: kifungu hicho kina nguvu hata kama ndege ya pili waliyoahidi haikuruka hata siku moja? Wenzangu sita wako tayari kusaini pamoja nami.

Jumatatu saa 3 asubuhi nina kikao nao. Nikitoka nitaandika hapa walichojibu.