Kijana mwenye usonji na usaili wa uraia wa Marekani: naomba uzoefu wenu

Kutoka Minnesota (kwetu ni Mafinga)

Kamwene nyote. Mwanangu ana miaka ishirini na ana usonji. Nilipopata uraia wa Marekani yeye alikuwa amekwisha kupita miaka 18, kwa hiyo hakuupata kupitia kwangu, na sasa inambidi aombe uraia wa tajinisi yeye mwenyewe. Anazungumza vizuri, anafanya kazi nusu siku ya kupanga bidhaa dukani, na kumbukumbu yake inatushangaza sote, lakini akikaa mbele ya mtu asiyemjua hubadilika kabisa. Jirani yangu ananishauri nimtafutie daktari wa kujaza fomu N-648 ili asamehewe mtihani wote. Naomba mwenye uzoefu anieleze kabla sijatuma maombi.

Kutoka Iringa mjini

Kamwene, mama. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko hapa hapa Iringa, na Marekani sijawahi kukanyaga. Hata hivyo mpwa wangu aliyeko Columbus, jimbo la Ohio, naye ana usonji, na dada yangu aliponiomba nimwandae kwa simu, kwa kuwa yeye hufanya kazi zamu za usiku, nilikubali nikidhani kazi itakuwa ya kukaririsha historia tu. Maswali 100 ya uraia kijana aliyamaliza kwa majuma mawili, pamoja na wawakilishi 435 na marekebisho 27 ya katiba yao, hata akawa ananisahihisha mimi. Miezi mitatu iliyobaki tuliimaliza kwa mambo ambayo hayamo katika kijitabu cha maswali.

Kilichotutoa jasho ni maswali ya ndiyo na hapana yaliyomo katika fomu N-400, ile ya kuombea uraia, ambayo afisa huyapitia tena kwa mdomo siku ya usaili. Hapo Kiswahili chetu kilitutega. Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili ukimwuliza, "Hujala?", hukujibu, "Ndiyo", maana yake ni kweli, sijala. Kwa Kiingereza jibu la mtu huyo lingekuwa "hapana". Sasa mimi nikijifanya afisa nikamwuliza, "Hujawahi kukamatwa na polisi, sivyo?", na mpwa wangu akanijibu "Ndiyo" kwa utulivu kamili, kama mtu anayetaja jina lake. Nililirudia swali mara nne, naye akajibu vilevile mara nne, kwa sababu kwa hesabu yake alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo tulipiga marufuku ndiyo na hapana zinazosimama peke yake. Kila jibu likawa sentensi kamili: sijawahi kukamatwa, sijawahi kupiga kura katika nchi hii, ninalipa kodi.

Lipo pia swali linalouliza kama umewahi kutenda kosa la jinai ambalo hukukamatwa kwa ajili yake. Ninyi na mimi tunalisikia swali hilo tukifikiria wizi au vita. Yeye alikaa kimya karibu dakika nzima, kisha akakiri kwamba akiwa na miaka minane alichuma mapichisi ya jirani pale Mtwivila, na kwamba yalikuwa kumi na moja. Sikumwambia ayafiche, kwa sababu kijana wa namna hii ukimfundisha uongo mmoja utakuwa umemvurugia kila kitu ulichomfundisha kabla yake. Tulikaa na kila neno gumu la fomu, nikamweleza linauliza nini hasa, na lile la mapichisi dada yangu akamwuliza mwanasheria wa uhamiaji, naye akamweleza kijana mwenyewe, kwa maneno yake, kwa nini swali halikukusudia jambo kama hilo. Ninasisitiza aelezwe mwenyewe. Maelezo yaliyopitia kwa mama yake hayakumtosha.

Mtihani wenyewe nao una tabia yake. Katika toleo letu afisa huuliza maswali hadi kumi, na mtu akipata sita anaacha. Siku ya kwanza nilipoacha kwenye sita, kijana alikataa kukata simu hadi nimalizie manne yaliyobaki, na alikuwa na haki, maana mimi ndiye niliyemwambia yapo kumi. Ikabidi tufanye mazoezi ya kuachiwa njiani: siku nyingine niliishia kwenye sita, siku nyingine nane, na kila mara nilitamka mapema kwamba sijui leo tutaishia wapi. Kusoma na kuandika hakukutusumbua, kwa kuwa mtu anapewa hadi sentensi tatu za kusoma na tatu za kuandika, na moja sahihi kwa kila upande inatosha.

Kuhusu saa, nicheke kidogo. Kipindi chetu kilikuwa saa nane mchana kwa Iringa, ambayo kwake ni saa moja asubuhi. Mwezi Novemba wenzetu walipobadilisha saa zao mimi nikasahau, nikapiga saa nane kama kawaida. Simu iliita bila kupokewa kwa saa nzima, kisha ikapokewa saa moja kamili ya kwake, naye akanisalimia "Shikamoo mjomba" kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa jibu la swali lako. Fomu N-648 ni kwa mtu ambaye ulemavu wake unamzuia kujifunza Kiingereza au maswali ya uraia, na daktari hana budi kueleza ni kwa namna gani unamzuia. Kutaja usonji peke yake hakutoshi. Kwa kijana uliyemweleza hapa, mimi nisingeianza njia hiyo. Ningeomba marekebisho ya namna ya kumhoji, ambayo hayana ada na huombwa kupitia tovuti ya idara yao ya uraia na uhamiaji, au kwa simu. Anafanya mtihani uleule, ila kwa namna anayoiweza. Sisi tuliomba mama yake akae ndani, afisa aulize kwa sentensi fupi, na kijana aruhusiwe kupumzika. Yote tuliyapata.

Jumapili moja kabla ya usaili dada yangu alimpeleka kuliona jengo kwa nje, mlango na maegesho. Na kwa sababu mlangoni kuna ukaguzi, nyumbani walifanya mazoezi ya kuvua mkanda na kuuweka ndani ya beseni la kufulia, kila jioni, hadi ikawa jambo la kawaida.

Kutoka Texas (kwetu ni Tukuyu)

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni nesi huku, naomba niongeze mawili. Toleo la maswali 100 ni la waliotuma maombi kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025. Mama ambaye hajatuma atakutana na toleo la maswali 128, ambapo huulizwa hadi 20 na kufaulu ni kupata 12. Afisa huacha akifikisha 12 sahihi au tisa yasiyo sahihi, kwa hiyo lile zoezi la kuachiwa njiani ni muhimu zaidi. Akishindwa sehemu fulani anarudia sehemu hiyo mara moja, kati ya siku 60 na 90 baadaye. Pili, ikitokea N-648 ikahitajika, haisainiwi na nesi kama mimi. Ni daktari au mwanasaikolojia wa kliniki mwenye leseni ya Marekani. Barua za hospitali ya nyumbani mpatie kama historia ya mgonjwa.

Kutoka Minnesota

Shikamoo Mwalimu, na ahsante dada wa Tukuyu. Jana tumeanza. Tumekwama kwenye swali la ahadi ambayo raia mpya hutoa. Amesoma kwamba mtu anaacha utii kwa nchi nyingine, na anauliza kama atakatazwa kumpigia simu bibi yake wa Mafinga. Nimemwambia hapana, lakini hajaniamini.

Kutoka Iringa mjini

Marahaba. Wa kwetu aliuliza hilohilo, na usimjibu kwa kumbembeleza, kwa sababu sehemu ya hofu yake ni ya kweli. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku akila kiapo uraia wa Tanzania unakoma, na akija kwenye harusi au msiba atakuja na pasipoti ya Marekani. Afadhali aambiwe na wewe leo. Mimi nilimwandikia karatasi yenye safu mbili, yanayokoma na yasiyokoma. Upande wa kwanza niliandika pasipoti ya Tanzania na kupiga kura Tanzania. Upande wa pili niliandika kumpigia bibi, kuzungumza Kiswahili, kuishangilia Taifa Stars, na jina lake. Aliisoma, akaniuliza mapichisi yako upande gani, nikayaongeza kwenye safu ya pili. Dada yangu aliichapa, na siku ya kiapo kijana aliingia nayo ikiwa imekunjwa katika mfuko wa shati.